Nani Ameleta Sumu? Onyesho na Kipimo cha Kinga katika Butembo na Beni

Maandishi mengi juu ya wanamgambo wa Mai-Mai wa Butembo na Beni, huko Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, hueleza imani ya maji yanayozuia risasi kwa njia mbili: ama ni ujinga wa vijijini, ama ni hila ya makamanda ya kuwatia vijana moyo. Siafiki hata moja. Zote humdhania muumini kuwa mtu asiyetaka ushahidi, ilhali ushahidi ndio aliopewa, tena mbele ya macho yake. Tatizo ni nani aliyeuandaa.

Tuondoke kidogo Kivu. Magulioni na kumbini mwa Ulaya ya karne ya 19 walikuwako watu waliojitangaza kuwa moto hauwadhuru. Mashuhuri kati yao ni Ivan Chabert, Mfaransa aliyeitwa Mfalme wa Moto. London, katika miaka ya 1820, aliingia katika tanuri lililowashwa akiwa na nyama mbichi, akatoka mzima na nyama imeiva. Macho ya watazamaji hayakudanganywa: nyama iliiva kweli. Charles Blagden na wenzake walikwisha kuripoti mwaka 1775 kwamba katika chumba chenye hewa kavu, iliyopita joto la maji yanayochemka, mtu huvumilia dakika kadhaa huku mayai na nyama vikiiva kando yake, kwa kuwa hewa kavu hupitisha joto polepole na jasho huupoza mwili. Chabert hakuhitaji dawa. Lakini tanuri la kweli lilimpa dhamana alipodai kwamba anaishinda hata sumu ya sianidi. Mwaka 1830 Thomas Wakley, mhariri wa jarida la tiba The Lancet, alimtaka anywe sumu ambayo hakujiandalia mwenyewe. Chabert alikataa, na sifa yake ikaporomoka.

Turudi Kongo. Waasi wa Simba wa 1964, walioshambulia wakilitaja jina la kiongozi wa waasi Mulele, na Mai-Mai waliowafuata, walipewa maji pamoja na miiko: usiibe, usiguse mwanamke. Vitani risasi nyingi hukosa shabaha, na kila anayerudi ni shahidi. Anayekufa alivunja mwiko. Docta, yaani mganga wa kundi, ndiye mwenye maji, mwenye miiko na hakimu wa matokeo. Wakley hana pa kuingilia.

Nitaambiwa Chabert aliburudisha, docta wa Mai-Mai hufisha. Kweli, na wanaotangulizwa mbele ya bunduki mara nyingi ni watoto. Lakini hiyo ni tofauti ya gharama, si ya namna ya kusadiki.

Swali la nani ashike kipimo lilirudi huko huko, safari hii kwa chanjo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018, kuanzia Mangina hadi Beni, Katwa na Butembo, uliua watu 2,287 kabla ya kwisha Juni 2020. Chanjo ilikuwepo, na jaribio la Guinea la 2015 lilikwisha kuonyesha kwamba inakinga. Hata hivyo vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Siasa ilihusika, maana kura ya Desemba 2018 iliahirishwa huko huko. Lakini wengi walikimbilia kulaumu ushirikina. Naona wakazi waliletewa kinga na wageni wale wale waliohesabu matokeo yake. Kutaka kukishika kipimo kwa mikono yao ni dai la Wakley hasa. Mlipuko ujao, wauguzi wa Butembo na Beni wenyewe wawasomee watu hesabu za kila eneo la afya, pamoja na idadi ya waliochanjwa wakaugua.