Siyo Kila Tumbo ni Chango

Huku kwetu Ngara na Biharamulo tumbo la mwanamke lilizoea majibu mawili. Nyumbani wanasema ni chango, chemsha mizizi unywe. Zahanati wanasema umeambukizwa, meza vidonge, na mwenzio naye aje. Jibu la tatu, endometriosisi, hulisikii. Historia inatueleza kwa nini.

Kati ya 1991 na 1994, katika mkoa jirani wa Mwanza, watafiti walijaribu kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yakapungua kwa karibu asilimia 40. Si mchezo! Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja hivi, na tiba ya namna hiyo ikafika mpaka kambi ya Benaco. Siwalaumu waganga wale. Dawa ile iliokoa watu. Ila njia hiyo haiuoni ugonjwa usioletwa na vijidudu.

Na endometriosisi hailetwi na vijidudu. Ni nyama inayofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, lakini imeota nje yake: kwenye ovari, hata kwenye utumbo. Inavimba, inaacha makovu, inaweza kuzuia mimba. Mmarekani John Sampson aliupa ugonjwa jina hilo miaka ya 1920. Madaktari wengi wakaamini ni wa wanawake wa Kizungu wenye nafasi. Mweusi akiumwa, eti ni zinaa. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, alitangaza kwamba ameukuta kwa wanawake weusi, wakiwemo walioambiwa wana maambukizi ya nyonga.

Sasa njoo Biharamulo. Binti wa shangazi yangu alimeza antibayotiki miaka sita. Mumewe akamrudisha kwao, kwamba kaleta ugonjwa wa mjini. Alipofika hospitali ya rufaa, ng'ambo ya ziwa, akaingiziwa kamera tumboni kwa tundu dogo, ndipo ukweli ukaonekana. Vidonge vya homoni na upasuaji vimempa nafuu. Ndoa haikurudi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa anao. Hata Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, alijitokeza kusema anaumwa. Kwa hiyo, dada, maumivu ya hedhi yakikukosesha shule, choo au tendo la ndoa likiuma, dawa za maambukizi zisipofaa, omba rufaa kwa daktari wa wanawake. Altrasaundi ikiwa safi, bado haijakanusha.

Nanyi mnaoandika hadithi, jamani, binti akijikunja kwa tumbo katika ukurasa wa tatu, msikimbilie kumpa mimba au gonjwa la zinaa. Wasomaji wenu wa kike wanaumwa kweli, na waume zao pia wanasoma.