Nyuni, Nauli na Ruhusa: Kinachomchelewesha Mtoto wa Muyeye

Malaria kali haimpi mtoto muhula. Vimelea vya Plasmodium falciparum vinaweza kumtoa kwenye homa ya kawaida hadi kupoteza fahamu kwa siku moja au mbili. Palipo na dawa, basi, vifo vingi vya malaria ni vifo vya kuchelewa. Muyeye ni sehemu ya mji wa Malindi, katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, wala hospitali haiko mbali. Kwa nini mtoto wa hapo achelewe? Jibu lililozoeleka huwatupia lawama akina mama na imani zao. Makala hii inashikilia kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito zaidi: ni nani nyumbani mwenye pesa na kauli.

Tuanze na imani, kwa kuwa ipo. Halima Mwenesi na wenzake, katika tafiti zao za Kilifi zilizochapishwa mwaka 1995, walionyesha kwamba akina mama waliijua homa na kuitibu kwa dawa za dukani. Degedege lilihesabiwa ugonjwa mwingine. Mtoto akikakamaa, macho yakapinduka na meno yakaumana, wazee husema ni nyuni, yaani pepo wa ndege anayeaminiwa kumvamia mtoto. Hapo hutafutwa mafusho, dawa za miti na hirizi. Fikra hiyo ina mantiki yake, kwani mtukutiko wa ghafla haufanani hata kidogo na homa aliyoizoea mzazi. Lakini huenda ni malaria ileile iliyokwishafika pabaya, na saa zinazopita kwa mganga hazirudi.

Hata hivyo, imani haimfungii mama mlango wa hospitali. Mama huyohuyo huenda dukani asubuhi, kwa mganga jioni, na zahanati kesho yake. Mara nyingi kinachopanga safari hizo ni uwezo. Mwaka 2002, Sassy Molyneux na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mahusiano ya ndani ya nyumba wakati wa kuamua tiba ya mtoto, na hapo ndipo pa kutazama. Mama ndiye anayekesha na mgonjwa na kuona hali ikibadilika. Lakini ikiwa baba yuko baharini, mavyaa anasema wangoje kukuche, na nauli ya bodaboda haipo, kuona kwake hakumfikishi popote.

Msimu nao huongeza uzito. Kati ya Aprili na Juni hoteli za Malindi hupungukiwa na wageni, nyingine hufungwa, na vibarua hurudi nyumbani mikono mitupu. Miezi hiyo ndiyo ya masika, mbu wanapozaana. Watafiti wamewahi kukuta viluwiluwi vya Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, katika mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa bila kutumika mjini humo. Mazalio hayo hayakuletwa na mila.

Ushahidi mzito zaidi ni ule wa vyandarua. Jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa, lililofanywa Kilifi kati ya 1993 na 1995, lilipunguza vifo vya watoto kwa takriban thuluthi moja. Hakuna aliyetakiwa kwanza kuikana nyuni. Vivyo hivyo, wenye maduka vijijini walipofunzwa kuuza dawa ya homa kwa kipimo sahihi, watoto wengi zaidi walipata dozi kamili. Nyenzo zilipowafikia wazazi, wazazi walizitumia.

Mafunzo kuhusu degedege yaendelee, na waganga washirikishwe ili wamwelekeze mtoto anayetukutika hospitalini bila kumkawiza. Lakini mafunzo yasiishie kwa akina mama kliniki; baba na mavyaa nao waambiwe kwamba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali haingoji asubuhi. Vyama vya akina mama vitenge akiba ya nauli kabla ya masika, na serikali ya kaunti iwasimamie wenye mabwawa yaliyotelekezwa. Kumlaumu mama kwa kuchelewa, ilhali hana nauli wala kauli, ni kumwongezea msiba na kumwacha mtoto wa pili katika hatari ileile.