Tarehe ya Wajatapu na Ukoo wa Addaku

Wajatapu ni watu wa milima ya Srikakulam na Parvathipuram, huko Andhra Pradesh, hadi mpakani mwa Odisha. Asili yao ni Wakhondi. Hilo wazee hawalikani. Lakini sensa ya Madras ya mwaka 1901 iliwaandika kuwa ni tawi la Wakhondi lililostaarabika, wenye kusema Kikhondi milimani na Kitelugu bondeni. Wasomaji wakadhani heshima yao yote imetoka bondeni. Sivyo. Kitelugu walikipokea, koo zao walishuka nazo.

Ukoo wa Thoyika na ule wa Kadrika huheshimu kuku. Mandangi, ng'ombe. Konda Gorre, kondoo. Navalipitta, tausi. Arika, nafaka ya jina hilo.

Na Addaku ndio ukoo wa jani. Jani la adda huchumwa msituni, likakaushwa, likaungwa kwa njiti hadi likawa sahani, kisha likashushwa gulioni. Watu wa bondeni, wale wale waliowaita wenzao washenzi wa milimani, waliandaa karamu zao juu ya jani ambalo Addaku hawalitaji ila kwa heshima. Basi nani alimstaarabisha mwenziwe?

Na hao wa bondeni walipanda na madeni, wakashuka na hati za mashamba. Tarehe 31 Oktoba 1967, huko Levidi, watu wa makabaila waliwaua wanavijiji wawili waliokuwa njiani kwenda mkutanoni. Wajatapu na wenzao wa milimani, Wasavara, wakainuka, wakiongozwa na walimu Vempatapu Satyanarayana na Adibhatla Kailasam, waliouawa Julai 1970. Mwaka huohuo Kanuni ya 1 ya Andhra Pradesh ilikataza ardhi ya milimani kupita mikononi mwa wasio wa makabila hayo.

Turudi kwenye desturi. Shamba la podu hufyekwa na kuchomwa mteremkoni, likapandwa ulezi na mbaazi. Nafaka mpya hailiwi kabla miungu ya kijiji haijapewa fungu lake, na mungu wao Jakara huchinjiwa nguruwe na kondoo. Kijana ana haki ya kumposa binti wa shangazi yake. Mahari, yaani voli, ni nguo mpya ya mama mkwe, mchele, nafaka na sukari guru ya maji. Mjane aweza kuolewa na mdogo wa marehemu.

Ama ule ubishi wa sensa, ulikwisha mwaka 1950: orodha ya makabila ya India iliwaandika Wajatapu kwa jina lao, mbali na Wakhondi.