Ndugu Mwenye Cheti Hiki

Mwaka 2003 nilikuwa bado mkuu wa shule moja ya sekondari huku milimani Upare, juu ya mji wa Same. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, ukungu ukiwa haujainuka, aliingia ofisini kwangu kijana aliyevaa koti la bluu na suruali iliyonyooshwa vizuri. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikajibu, "Marahaba, kijana. Karibu kiti." Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, umenisahau." Ni kweli nilikuwa nimemsahau. Akafungua bahasha ya kaki akanipa cheti chake cha kumaliza shule. Sahihi ya chini ilikuwa yangu. Jina la juu lilikuwa la msichana.

Hapo nikamkumbuka. Alikaa dawati la nyuma, hodari wa hisabati, mzito wa kusema. Sasa alikuwa amejifunza ufundi wa umeme, na mtu mmoja wa Tanga alikuwa tayari kumwajiri, ila alitaka barua. Kijana hakuniomba nibadili cheti. Aliomba niandike tu kwamba mwenye cheti kile na yeye aliyekuwa mbele yangu ni mtu mmoja, na kwamba siku hizi anafahamika kwa jina jingine.

Nilikataa. Nilimwambia, "Binti yangu, mambo haya sheria hairuhusu. Utaniingiza mimi na shule katika matatizo." Alikaa kimya, akarudisha cheti ndani ya bahasha, akasema, "Nashukuru, Mwalimu," akatoka. Nilimwona kupitia dirishani akiteremka kuelekea kituo cha magari ya Same. Nilimpokea kijana, nikamtoa binti, na yote hayo hayakuchukua robo saa.

Leo ninapoitafakari asubuhi ile, naona kosa langu halikuwa woga peke yake. Nilidhani nimekwisha kumjua. Nilimweka katika fungu moja na wale waliokuwa wakisemwa magazetini, wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, nikafunga mjadala. Lakini kijana yule hakunitajia mapenzi hata kwa neno moja. Hakuniambia anampenda nani. Aliniambia yeye ni nani. Hayo ni mambo mawili, nami niliyafanya moja.

Nimefundisha somo la historia kwa miaka mingi, kwa hiyo nilipaswa kujua jinsi watu wanavyopotea ndani ya fungu. Kila mwaka niliwafundisha wanafunzi habari za mbiru, ile kodi ya kupima mali ya mtu ambayo Waingereza na machifu wetu walituletea katika miaka ya 1940. Mapema mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi Same, mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya, wakakaa kwa miezi. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupimwa mali zao kwa jicho la mtu. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya mgomo huo mwaka 1971, na mwishowe watu walishinda.

Nilipofundisha nilisema "Wapare waligoma," na darasa zima liliona wanaume. Lakini nani aliyelima na kulisha watoto huku milimani miezi yote hiyo? Na ni wanawake wa Usangi waliomkabili mkuu wa wilaya na kumwambia ama amalize ugomvi, ama achukue yeye nafasi ya waume zao waliokuwa Same. Mimi niliwapa sentensi moja, tena ya kuchekesha darasa. Walikuwa ndani ya mgomo, wakabeba mzigo wake, lakini jina la mgomo halikuwa lao. Msomaji akilishika jambo hilo, atalielewa kwa urahisi lile ninalotaka kusema juu ya watu wa namna ya mwanafunzi wangu.

Siku hizi watu hao huitwa transjenda, yaani watu ambao nafsi yao haikubaliani na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Wako waliodhani kwamba neno ni geni, basi na watu ni wageni. Mwaka 1890 msafiri mmoja kutoka Austria, Oscar Baumann, alitembea Usambara na nchi jirani, Upare ikiwa miongoni mwake, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1891. Huyu ndiye aliyekamatwa mwaka 1888 na watu wa Abushiri pamoja na Hans Meyer, aliyepanda Kilimanjaro mwaka uliofuata. Baadaye Baumann alikuwa balozi mdogo wa nchi yake Unguja, na mwaka 1899, mwaka aliofariki, alichapisha makala juu ya watu aliowaona kisiwani.

Aliandika kwamba Waswahili walikuwa na neno mke-si-mume. Alieleza habari za watoto wa kiume ambao tangu udogoni walipenda kazi za kike, kupika na kusuka mikeka, na kwamba jamaa zao wakishalitambua hilo, walilikubali bila ugomvi mkubwa. Alitaja pia wanawake waliopenda mavazi na kazi za kiume. Lakini angalia alivyowapanga. Aliyependa mtu wa jinsia yake na aliyejiona wa jinsia nyingine, wote aliwatia chini ya kichwa kimoja cha habari, kwamba ni watu waliogeuka kinyume. Waswahili waliona sura mbili, mgeni akaona moja. Baada ya miaka zaidi ya 100 mimi, mwenyeji, niliona kama mgeni.

Sheria nayo haikutenganisha. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Waingereza ilizungumza juu ya matendo "kinyume na maumbile", na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ikaongeza adhabu hadi kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Hakuna kifungu hapo kinachosema mtu asivae koti la bluu au asiitwe jina fulani. Mimi nilipomwambia kijana yule kwamba sheria hairuhusu, sikuwa nimesoma sheria. Nilikuwa nimesoma uso wake.

Ndivyo ilivyo mahali pengi. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alipotangaza kuunda kikosi cha kuwasaka mashoga, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo yalikuwa maoni yake binafsi na si msimamo wa serikali. Lakini tangazo likishatoka, mtaani nani hutazamwa kwanza? Mwanamume anayempenda mwanamume anaweza kuvaa suti, akaenda kazini, wala asijulikane. Anayejulikana ni yule ambaye sauti yake, mwendo wake na kitambulisho chake havikubaliani. Yeye ndiye hupigwa kwa niaba ya wote.

Na katika harakati zao wenyewe mambo hayakuwa tofauti sana. Waamerika wanahesabu mwanzo wa harakati hizo kuwa usiku wa tarehe 28 Juni 1969, polisi walipovamia baa ya Stonewall mjini New York na wateja wakapigana nao. Miongoni mwa majina yanayotajwa katika siku hizo ni Marsha P. Johnson na Sylvia Rivera, ambao mwaka 1970 waliunda kikundi chao cha kuwasaidia vijana wa namna yao waliolala mitaani. Mwaka 1973, katika mkutano wa hadhara wa kuadhimisha siku hiyo hiyo, Rivera alipanda jukwaani kuwazungumzia wenzake waliokuwa magerezani. Alizomewa. Waliomzomea hawakuwa polisi, walikuwa watu wa maandamano yale yale. Miaka minne ilitosha.

Karibu na kwetu, mwaka 2005 nchini Uganda, viongozi wa mtaa waliivamia nyumba ya Victor Mukasa, mmoja wa waanzilishi wa umoja wa wanaharakati uitwao SMUG, wakachukua makaratasi yake. Mgeni wake alipelekwa polisi akavuliwa nguo ili ijulikane kama ni mwanamke au mwanamume. Mukasa alikwenda mahakamani, na Desemba 2008 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Ulikuwa ushindi mkubwa, nao uliandikwa duniani kama ushindi wa wasagaji. Lakini Mukasa anajitambulisha kuwa mwanamume. Jina la ushindi lilikwenda kwa wengine.

Huko Malawi mambo yalikuwa machungu zaidi. Tiwonge Chimbalanga alifanya sherehe ya uchumba na mwenzake Desemba 2009. Wote wawili walikamatwa, na Mei 2010 wakahukumiwa miaka 14 kila mmoja, kisha Rais Bingu wa Mutharika akawasamehe mwezi huo huo. Dunia nzima ilipiga kelele kuwatetea, na ilikuwa vizuri. Lakini magazeti yaliandika "wanaume wawili mashoga", wakati Tiwonge mwenyewe alikuwa akisema yeye ni mwanamke. Hata waliomtetea hawakumsikiliza.

Kwa sababu hiyo wako waliosema ni afadhali kujitenga. Mkenya Audrey Mbugua amesema hadharani kwamba suala la transjenda si suala la ushoga, na kwamba kuyachanganya kumewaumiza watu wake. Mwaka 2014 chama chake kilishinda kesi dhidi ya bodi iliyokataa kukisajili. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya libadili jina katika cheti chake cha sekondari na kuondoa alama ya jinsia. Alichoomba kilikuwa karatasi, ili aweze kupata kazi.

Je, wakae ndani au watoke? Si juu yangu kuwaamulia. Ninachoona ni kwamba kila njia ina gharama yake. Anayekaa ndani hupata wenzake wa kulia naye, lakini huweza kusahaulika siku ya kugawana. Anayetoka hupata jina lake, lakini adui hatamwuliza ametoka lini. Rungu halisomi katiba ya chama. Ndiyo maana Mukasa alipigania nyumba moja na wengine, na Mbugua akatafuta mlango wake, nami siwezi kumlaumu hata mmoja. Wanawake wa Usangi nao hawakuanzisha mgomo wao. Walitaka tu ijulikane kwamba mgomo uko nyumbani kwao pia.

Niliposoma habari za cheti cha Mbugua gazetini, nilikuwa nimekwisha staafu, nimekaa barazani upepo wa Same ukipiga bati. Niliikunja gazeti nikaifunua tena. Nilijua kijana mwingine aliyeomba kitu kidogo kuliko hicho, tena si kwa jaji, kwa mwalimu wake.

Jioni ile nilichukua karatasi nikaandika barua niliyoikataa miaka 11 nyuma. Nilidhani itanishinda, kwamba kila sentensi itanitaka nichague kati ya mwanamume na mwanamke. Nilianza hivi: "Ndugu mwenye cheti hiki ninamfahamu. Alisoma shuleni kwetu kwa miaka minne. Alikuwa mwaminifu, mchapakazi, na hodari katika hisabati. Siku hizi anatumia jina lililoandikwa hapa chini. Ninathibitisha kuwa ni mtu yule yule." Nikaisoma tangu juu hadi chini. Hapakuwa na mahali nilipolazimika kusema uongo, wala mahali nilipolazimika kumwita asivyotaka. Kiswahili hakiulizi jinsia ya mtu ili kusema amesoma, amefanya kazi, anastahili. Neno ndugu, ambalo tuliitana sote katika siku za ujana wangu, lilimtosha kama linavyonitosha mimi. Siku ile ya mwaka 2003 lugha haikunizuia. Ni mimi niliyetafuta neno binti.

Barua ile nilimpelekea shangazi yake, mama mtu mzima anayeishi upande wa Suji. Aliisoma polepole, midomo ikicheza. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Aliikunja, akaifunga katika pindo la khanga yake, akasema, "Akija nitampa, Mwalimu." Nilimwuliza kama kijana yuko salama. Akasema, "Yupo. Anafanya kazi za watu, za siku kwa siku."

Sijapata jibu, na sioni kwamba ninadai jibu. Mtu aliyenyimwa barua akiwa kijana, akaipata makamo, hana deni la kushukuru.