Jambo la Nne: Uzee wa Mfanyakazi wa Mombasa

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na wachunguzi wa serikali ya kikoloni wakaja kupima mshahara, chumba na posho ya Mwafrika. Uzee haukuulizwa sana, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mzee atarudi kwao shamba. Kana kwamba mtu wa Likoni ana kwao kwingine! Ni Kamati ya Carpenter, mwaka 1954, iliyokiri kwamba mfanyakazi wa mjini ahitaji mambo manne: mshahara utoshao jamaa yake, kazi ya kudumu, nyumba, na hifadhi ya uzeeni.

Hilo la nne lilichelewa. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ulianzishwa mwaka 1965, nao ulilipa fungu moja tu. Mvuvi wa Likoni na mkwezi wa Kisauni, wasio na mwajiri, hawakuwamo. Mwaka 2018 ndipo msaada wa shilingi 2,000 kwa mwezi ulipofunguliwa kwa wote waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni.

Wachunguzi wale waliwahesabu watu wakiwa kazini. Habari za aliyeacha kazi zi kwa jirani zake. Basi twawaomba wanachama wapite nyumba kwa nyumba, hata Changamwe, wakiuliza umri, kitambulisho, na ni nani ampikiaye mzee.