Makaa ya Mawe na Taa za Waingereza

Tarehe 30 Septemba 2024 moto ulizimwa katika mtambo wa umeme wa Ratcliffe-on-Soar, nchi ya Uingereza, wala haukuwashwa tena. Huo ulikuwa mtambo wa mwisho katika nchi ile kufanya umeme kwa makaa ya mawe. Mtambo wa kwanza wa namna hiyo, uliofunguliwa kwa ajili ya kuwauzia watu umeme, ulikuwa ule wa kampuni ya Thomas Edison huko Holborn Viaduct, mjini London, mwaka wa 1882. Tangu ule wa kwanza hata huu wa mwisho ni miaka 142.

Wengi hudhani kwamba mali itokayo ardhini huachwa pale tu inapokwisha. Lakini makaa ya Uingereza hayakwisha. Yangalimo ardhini hata leo. Basi kwa nini watu wale waliyaacha, nao ndio waliotajirika kwayo kabla ya mataifa mengine? Jambo hili lastahili kuchunguzwa, maana ndani yake mna mafundisho juu ya bei, na juu ya watu wasiotajwa katika bei.

Tuanze na kuni, kwa sababu kila msomaji azijua. Mtu anunuaye mzigo wa kuni huuliza bei yake. Lakini mwenye busara huuliza pia mzigo huo utaivisha vyungu vingapi. Tena hutazama jiko lake, kwa kuwa kuni zile zile katika mafiga matatu hupotea bure, na katika jiko zuri la udongo hutosha siku mbili. Tena hukumbuka kwamba jiko zuri nalo lina gharama ya kulijenga. Limebaki swali la nne, nalo ni la moshi. Moshi haumo katika bei ya kuni. Mama apikaye huulipa kwa macho yake na kwa kifua chake. Maswali haya manne ndiyo yaliyoongoza habari zote za makaa katika Uingereza, ijapokuwa la nne lilichelewa sana kuulizwa.

Mwaka wa 1712 fundi mmoja, jina lake Thomas Newcomen, alisimamisha karibu na mji wa Dudley mtambo wa mvuke wa kuvuta maji katika shimo la makaa. Mtambo ule ulikula makaa mengi mno, lakini hakuna aliyejali, kwa kuwa ulikaa juu ya shimo lenyewe, mahali ambapo makaa duni hayakuwa na mnunuzi. Katika jimbo la Cornwall mambo yalikuwa mbali. Huko walichimba bati na shaba, na makaa yaliletwa kwa jahazi kutoka Wales, hata yakawa ghali. Kwa hiyo James Watt alipotengeneza mtambo uliohitaji makaa machache zaidi, watu wa Cornwall walikuwa wepesi kuutaka. Yeye na mwenzake Matthew Boulton walidai malipo ya ajabu: theluthi moja ya thamani ya makaa ambayo mwenye mtambo aliyaokoa kwa kuacha mtambo wa zamani. Hapa twaona kwamba makaa hayana bei moja. Bei hutegemea mahali yanapochomwa, na ubora wa mtambo uyachomao.

Mtu angaliweza kufikiri kwamba mitambo ikiwa mizuri, makaa yatatumika kidogo. Mwaka wa 1865 William Stanley Jevons, mwalimu katika mji wa Manchester, aliandika kitabu kuonyesha kinyume chake. Alisema kwamba mtambo ukitumia makaa machache, kazi yake huwa rahisi. Kazi ikiwa rahisi, watu wengi huitaka. Nao wakiwa wengi, makaa yachomwayo huzidi yale ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa 1913 Waingereza walichimba tani milioni 287, na watu zaidi ya milioni moja walifanya kazi hiyo.

Umeme nao ulifuata njia ile ile. Mitambo ya kwanza ilipoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za joto la makaa, na mtambo wa Holborn Viaduct haukupata faida, ukafungwa mwaka wa 1886. Lakini mwaka wa 1884 Charles Parsons alikuwa amekwisha buni turbini ya mvuke, yaani gurudumu lenye mapanga mengi lizungushwalo na mvuke upitao kwa kasi. Kwa turbini hiyo makaa yale yale yalizaa umeme mwingi zaidi. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1926, iliyoweka baraza la kuunganisha mitambo bora kwa nyaya nchi nzima. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na mtambo wake mdogo, na mwingine wa akiba uliokaa bure. Nyaya zilipokwisha kuunganishwa, mitambo iliyotumia makaa machache iliendeshwa usiku na mchana, na ile yenye kula sana ilingoja saa ambazo watu wanahitaji umeme mwingi. Baada ya Vita Kuu ya pili wakajenga mitambo mikubwa kando ya mto Trent, karibu na machimbo, penye maji ya kupozea mvuke; kwa maana waliona kwamba kupeleka umeme kwa waya ni rahisi kuliko kupeleka makaa kwa gari la moshi. Ratcliffe-on-Soar ni mmojawapo wa mitambo hiyo.

Sasa tugeukie swali la nne. Mwezi wa Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa, wa majumbani na wa mitambo, ulikaa juu ya London siku tano. Watu hawakuonana njiani hata mchana. Kwa hesabu ya wakati ule walikufa watu wapatao 4,000, na wataalamu waliochunguza baadaye walisema yamkini walifika 12,000. Mwaka wa 1956 ikatolewa sheria ya kuzuia moshi mijini. Vifo vile havikuandikwa katika bei ya tani moja ya makaa.

Liko na jambo la pili, ambalo sisi walimu hatuwezi kulisoma bila huzuni. Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan huko Wales, kilima cha takataka za machimbo, kilichorundikwa mlimani juu ya chemchemi, kiliporomoka asubuhi juu ya shule, watoto wakiwa wameingia darasani muda mfupi tu. Walikufa watu 144, na katika hao 116 walikuwa watoto. Baraza la uchunguzi lilisema kwamba lawama ni ya Halmashauri ya Taifa ya Makaa. Hata hivyo, ilipotakiwa fedha ya kuviondoa vilima vilivyobaki, pauni 150,000 zilichukuliwa katika mfuko wa sadaka uliochangwa kwa ajili ya wafiwa wenyewe. Fedha hiyo ilirudishwa mwaka wa 1997, yaani baada ya miaka karibu thelathini. Tukiuliza ni nani aliyelipa gharama ya makaa, twaona kwamba kwa muda huo wote waliolipa ni wazazi waliozika watoto wao.

Je, vitu vingine vya kufanyia umeme vilikuwa bora? Waingereza walivijaribu. Mwaka wa 1956 walifungua Calder Hall, mtambo wa nguvu za atomu. Katika mitambo ya namna hii mafuta yake ni rahisi, lakini ujenzi ni wa gharama kubwa na wa miaka mingi, hata riba ya mkopo huweza kuzidi faida. Wakajenga pia mitambo ya kuchoma mafuta ya ardhini, yaliyokuwa rahisi sana miaka ya 1960. Mwaka wa 1973 vita ikatokea Mashariki ya Kati, na katika miezi michache bei ya mafuta ikapanda mara nne. Mitambo ile ikawa mzigo. Walakini wachimba makaa walipogoma tangu Machi 1984 hata Machi 1985, serikali iliiendesha kwa nguvu, ikikubali hasara, ili taa zisizimike. Taa hazikuzimika, na wachimbaji wakashindwa.

Adui mkubwa wa makaa alikuwa gesi. Gesi iliyopatikana chini ya Bahari ya Kaskazini mwaka wa 1965 ilitumiwa kwanza majumbani na viwandani. Mwaka wa 1990 kazi ya umeme ilianza kutolewa mikononi mwa serikali na kupewa makampuni, nayo makampuni yakatazama hesabu kwa macho mapya. Mtambo mpya wa gesi hufanya kazi mara mbili: kwanza gesi iwakayo huzungusha turbini, kisha joto linalobaki huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha turbini ya pili. Kwa njia hii nusu ya joto na zaidi hugeuka kuwa umeme, hali mtambo wa makaa hupata zaidi kidogo tu ya theluthi. Tena mtambo wa gesi hujengwa upesi, huhitaji watu wachache, wala hauna majivu ya kutupa. Mwaka wa 1990 makaa yalifanya kama theluthi mbili za umeme wa nchi ile. Kufika mwaka wa 2000 yalifanya kama theluthi moja.

Hata hapo makaa hayakufa, kwa kuwa kila gesi ilipopanda bei, wenye mitambo waliyarudia. Mwaka wa 2012 yalitoa kama sehemu 40 katika mia. Kilichoyamaliza ni ushuru. Makaa yakiungua hutoa hewa ya kaboni, isiyoonekana kwa macho, ambayo huzuia joto la dunia lisitoke. Na kwa kila kipimo cha umeme makaa hutoa hewa hiyo zaidi ya mara mbili kuliko mtambo mpya wa gesi. Tangu Aprili 2013 serikali ilitoza ushuru juu ya hewa hiyo, ikauongeza mwaka wa 2015 hata pauni 18 kwa tani. Mara makaa yakawa ghali kuliko gesi, na mwaka wa 2020 yalitoa kama sehemu mbili tu katika mia. Hakuna sheria ya uchumi iliyobadilika. Moshi ulitiwa katika bei, basi.

Na upepo je? Katika mashindano ya bei yaliyofanywa na serikali, mitambo ya upepo ya baharini iliyopata mkataba mwaka wa 2015 iliahidiwa pauni zaidi ya 110 kwa megawati-saa. Ile ya mwaka 2019 ilikubali pauni 40 hivi, kwa thamani ya fedha ya mwaka 2012. Lakini mwaka wa 2023, vyuma na riba vilipopanda, hakuna aliyejitokeza kwa bei iliyowekwa. Tena upepo haununuliwi, wala hauamriwi; ukitulia, lazima pawe na kitu kingine cha kushika kazi, nacho kina gharama. Mwaka wa 2022, baada ya Urusi kuishambulia Ukraine, gesi ilipanda sana, na watu wa Uingereza waliona umeme wao ukipanda pamoja nayo. Kila kitu kifanyacho umeme kina deni lake mahali fulani.

Wala tusiwasahau wachimbaji. Shimo refu la mwisho, Kellingley, lilifungwa Desemba 2015, likiwa na watu wapatao 450 tu. Katika vijiji vingi vilivyoishi kwa makaa, kazi ilikwisha na vijana wakahama. Hasara hiyo nayo haikuandikwa katika bei ya gesi.

Sote twaujua mfano wa mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, aketiye kwanza kuhesabu gharama. Waingereza walihesabu vizuri bei ya tani, na ubora wa mtambo, na riba ya ujenzi. Moshi waliuhesabu mwisho, baada ya makaburi mengi. Sisi tufundishao hesabu, tunapowapa watoto swali la mtu aliyenunua kwa bei hii na kuuza kwa bei hii, yatupasa kuwazoeza kuuliza pia: katika biashara hiyo, ni nani aliyelipa bila kuulizwa?