Neno "Esteti" Lilivyofika Kahawa Sukari

Mtu wa Lamu au Mombasa, aliyezoea kahawa tungu inywewayo kwa vikombe vidogo pamoja na kashata, hana budi kutabasamu makanga wa Barabara ya Thika anapomtangazia kwamba wamefika Kahawa Sukari. Lakini lililo ajabu zaidi ya jina hilo ni lile neno ambalo wenyeji hulitaja wanapowaelekeza wageni nyumbani kwao, yaani esteti, neno la Kiingereza lililotangatanga karne nyingi na kubadili maana mara kadhaa kabla ya kupata makazi huku Ruiru.

Asili ya estate ni Kilatini, status, maana yake kusimama, au hali aliyo nayo mtu. Wafaransa wa kale walilitamka estat, na Waingereza wakalipokea kwao. Hapo mwanzo halikuwa na udongo wala matofali ndani yake, bali lilikuwa hadhi, daraja ya mtu mbele ya watu. Ndivyo ilivyokuwa Ufaransa ya wafalme kugawanyika katika madaraja matatu, makasisi, makabaila na raia wengineo, na baraza la madaraja hayo lilipoitishwa Versailles mwaka 1789 likazaa mapinduzi. Na ndiyo sababu Waingereza wakayaita magazeti daraja la nne, lakabu ambayo sisi waandishi tunaipenda kupita kiasi. Lakini madhali katika Uingereza ya zamani heshima ya bwana ilipimwa kwa ukubwa wa ardhi yake, neno liliteremka polepole kutoka kwa mtu likaingia shambani, hata ikawa estate ni milki yenyewe. Kisha wanasheria wakalifanya pia kuwa jina la mali yote aiachayo marehemu, ile ambayo wanazuoni wa pwani huiita tarika.

Kwa maana hiyo ya milki ndipo neno lilipoletwa kwetu. Kahawa ilikuwa imekwisha kupandwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Bura, Taita, katika muongo wa mwisho wa karne ya kumi na tisa, na sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 ziliwafungulia walowezi mlango mpana, ile ya pili ikiwaruhusu kukodi ardhi kwa miaka 999, muda ambao hakuna mkodishaji wala mkodi angeweza kudhani kuwa ataumaliza. Reli ilipofika Thika mwaka 1913, nchi iliyo kati ya mji huo na Nairobi ilienea mibuni, na kila shamba kubwa likawa estate katika vitabu vya benki na vya mnada. Mchumaji hakuwa na haja na neno hilo: kwake palikuwa na shamba, nyapara, debe la kahawa nyekundu ambalo kwalo ujira wake ulihesabiwa, kipande shingoni, na laini, yaani safu ya vibanda alimolala. Wala hakuruhusiwa kuupanda mbuni kwa nafsi yake. Ruhusa ilianza kutolewa kwa kupimiwa katika miaka ya 1930, huko Kisii, Meru na Embu, mbali na mashamba ya walowezi, na haikupanuka sawasawa mpaka mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Wakati huohuo neno lilikuwa limepata maana nyingine Uingereza, ambako mabaraza ya miji yalijenga nyumba nyingi za wafanyakazi zenye sura moja na kuziita kwa jina lilelile la mashamba ya makabaila. Nairobi ikaiga: Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni zikajengwa wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, ikaja Buruburu, ambamo karani aliweza kununua nyumba kwa mkopo. Basi kwa muda mrefu estate zilikuwa mbili zisizojuana, ya mibuni kaskazini ya jiji na ya nyumba mashariki yake.

Zilikutana hapa. Mwaka 1965 Waingereza waliikabidhi serikali ya Kenya kambi yao ya Templer iliyokuwa Kahawa, ikageuzwa Chuo cha Kenyatta, ambacho mwaka 1985 kilikuwa chuo kikuu kamili. Na penye walimu na wanafunzi maelfu hapakosi wajenzi. Kampuni za kununua mashamba, ambazo wanahisa wake walichanga akiba zao shilingi kwa shilingi, zilikwisha kuyakata mashamba mengi ya Ruiru kuwa ploti. Kisha, mwaka 1989, mapatano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na nchi iliyovuna tani zipatazo 130,000 katika msimu wa 1987/88 haikurudia mavuno hayo tena. Mwenye mibuni akaona kwamba ekari moja ya nyumba ina faida kuliko ekari nyingi za buni, na barabara kuu mpya ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 hesabu hiyo haikuhitaji mjuzi. Hata mji mpya wa Tatu City unajengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa.

Yaonekana, basi, kwamba maana ya nyumba imeimeza maana ya shamba. Ila ile ya kwanza kabisa, ya hadhi, haikumezwa. Sikiliza watu wa huku. Mpangaji wa ghorofa za mtaa wa Kahawa Wendani, zilizojaa wanafunzi, aghalabu husema anakaa Wendani, basi. Bali mwenye nyumba yenye lango na maua huko Sukari hulitia neno esteti katika jawabu lake bila kuulizwa, na sauti hupanda kidogo. Sidhani kuwa ni kiburi kitupu. Babaye huenda alilala laini, na neno lililokuwa la bwana sasa ni lake.

Na anapofariki, warithi wake huwasilisha ombi mahakamani Thika, na jina la kesi huandikwa kwamba ni estate ya marehemu fulani; ndani ya jalada mna cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi kilichochakaa, nambari ya ploti, na majina ya watoto ambao, mara nyingi, wamekwisha kuhasimiana.